Wimbo mmoja kwa kila zama: mngempa mpwa wangu upi, na asikilize nini ndani yake?

KasoroBahari, Morogoro

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, naomba msaada wenu katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limenishughulisha kwa juma zima. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 19 na ameanza masomo ya chuo huko Dodoma. Alinipigia simu akaniambia: "Mjomba, kila siku unausifu muziki wa zamani. Basi niandikie nyimbo unazozipenda, wimbo mmoja tu kwa kila zama, na kwa kila wimbo uniambie nisikilize nini." Sharti hilo la mwisho ndilo lililonibana. Kumtumia mtu nyimbo mia moja ni kazi ya dakika chache siku hizi, lakini nilipoketi na kalamu kumweleza asikilize nini, niligundua kwamba zipo nyimbo nilizozipenda kwa miaka 40 bila kujiuliza hata mara moja nazipendea nini.

Wimbo wa kwanza nilimchagulia kabla simu haijakatika. Mimi ni mtoto wa Morogoro, na mtoto wa Morogoro huanza na Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Nimemwandikia "Ngoma Iko Huku". Katika miaka ya 1950 vijana wa miji yetu walikuwa wakisikiliza santuri za Kicuba, zile zilizobandikwa herufi GV, na wapo walioziiga pamoja na maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa. Salum Abdallah aliuchukua mwendo ule ule akaupandishia Kiswahili, na Kiswahili kikakaa juu yake kana kwamba mwendo ulitungwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Nataka binti asikilize jinsi silabi zinavyoangukia mapigo bila kuvutwa wala kubanwa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani na mshabiki wa Cuban Marimba, naye alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1965, habari za ajali iliyomuua Salum Abdallah zilipofika mtaani kwetu, vyerehani vyote barazani vilinyamaza.

Wimbo wa pili baba asingeupenda, kwa sababu mji huu ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana, na aliyekuwa wa Cuban Marimba hakuwa wa Morogoro Jazz. Hata hivyo siwezi kuandika orodha yoyote bila Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyeipeleka gitaa ya Morogoro hadi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha mwaka 1973 akaunda bendi yake ya Super Volcano. Nimechagua "Shida". Hapa nimemwambia binti aache kwanza maneno, asikilize gitaa la solo na sauti ya Mbaraka kama watu wawili wanaopokezana mazungumzo, kwani mwimbaji na mpiga solo ni mtu huyo huyo mmoja, na anajua mahali hasa ambapo koo lake litachoka na vidole vipokee.

Wimbo wa tatu ndio ninaoupenda kuliko zote, nao ni "Majirani Huzima Redio" wa DDC Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na ambayo mtindo wake, Sikinde, ulichukua jina lake kutoka ngoma ya Wazaramo. Mume na mke wanagombana mara kwa mara, na kila sauti zao zinapopanda, majirani huzima redio zao ili wausikilize ugomvi. Sijasikia aibu ya ndoa ikielezwa kwa taswira fupi kuliko hiyo. Ila najua mpwa wangu hataielewa kama mimi ninavyoielewa, kwa hiyo nimemwandikia kurasa mbili nzima juu ya jambo hilo. Sisi tulikulia katika nyumba ya kupanga ambayo kuta zake hazikufika kwenye paa, kiasi kwamba kikohozi cha chumba cha mbele kilisikika chumba cha uani. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na betri zake zikianza kuchoka tulizianika juani, juu ya bati, ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari na vipindi vya salamu. Kwa watu wa namna hiyo kuzima redio hakukuwa jambo jepesi hata kidogo; kama walizima redio ili wakusikilize wewe na mkeo, basi mlikuwa mmefikia pabaya sana. Baada ya hapo nimemwomba asikilize wimbo unavyogeuka: beti zikiisha, magitaa yanakaza mwendo, matarumbeta na saksafoni zinaingia, na chemko linaanza. Waliokuwa wamekaa wakisikiliza kisa sasa wanasimama kucheza, na kisa hakijapata suluhu.

Wimbo wa nne ni "Kifo" wa Remmy Ongala na Super Matimila, uliomo katika albamu yao iliyotolewa Uingereza mwaka 1989 na kampuni ya Real World. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na wakazi wa jiji hilo walimpenda kiasi kwamba mpaka leo kuna mahali Sinza panapoitwa kwa Remmy, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2010. Binti asikilize namna mtu anavyoweza kuzungumzia jambo zito kuliko yote juu ya gitaa linalochezeka, na ajiulize kwa nini wachezaji hawakuliona hilo kuwa kosa.

Hapo ndipo nilipokwama. Taarabu nimeisikia harusini tu, nami ni mtu wa bara, kwa hiyo naogopa kuchagua kwa kubahatisha. Kenya na Kongo nazifahamu kijuujuu. Na kwa miaka ya baada ya 2000 nakiri kwamba masikio yangu yalibaki nyuma. Nawaomba mnijazie mapengo hayo, lakini kwa sharti lile lile alilonipa binti: msinitajie wimbo bila kusema asikilize nini.

BintiMakorora, Tanga

Kaka KasoroBahari, salamu nyingi kutoka Tanga. Umenigusa ulipoandika kuhusu kuta zisizofika kwenye paa, kwa sababu hata taarabu imekulia katika nyumba za namna hiyo, ambamo neno haliwezi kusemwa wazi na hivyo hulazimika kufumbwa.

Kwanza nakuomba ubadilishe mwanzo wa orodha yako. Kabla ya Salum Abdallah yuko Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Mchagulie binti wimbo wa "Kijiti". Unasimulia tukio la kweli la mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, naye Kijiti akatorokea bara huku mkono wa sheria ukiwaangukia wanawake waliokuwa wamemkaribisha mgeni. Mpwa wako asikilize jinsi mtu wa tabaka la chini kabisa katika mji ule alivyoitumia santuri kuulalamikia uamuzi wa mahakama, bila kupaza sauti na bila tusi. Santuri za wakati ule zimechakaa na zina mikwaruzo mingi, kwa hiyo namshauri aanze na namna Bi Kidude alivyouimba wimbo huo huo miaka mingi baadaye, auzoee, kisha ndipo arudi kwa Siti. Masikio yaliyokwisha kuujua wimbo hayaisikii tena mikwaruzo.

Pili, tafadhali usiweke wimbo mmoja ukauita "wa taarabu", kana kwamba taarabu ni moja. Unguja wana klabu kama Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, yenye udi, ganuni, fidla nyingi na mwendo wa taratibu wa Kimisri. Sisi wa Tanga tulifanya jambo tofauti. Black Star na Lucky Star walipunguza watu jukwaani, wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakaufanya mwendo uwe mwepesi kiasi cha mtu kucheza kwa mabega akiwa ameketi. Kutoka huko nampa binti "Macho Yanacheka" wa Shakila. Jina la wimbo ni nusu tu ya kisa, kwa kuwa macho yanacheka mbele za watu huku moyo ukilia. Asikilize sauti ya Shakila inavyokataa kulia. Waimbaji wengi wangeongeza kilio pale penye maumivu, lakini yeye anaiacha sauti inyooke kama uzi, na msikilizaji ndiye anayelia kwa niaba yake.

Ningependa pia umwandikie habari za kutuza, kwa sababu asipozijua atadhani taarabu ni wimbo tu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole asiyegombana na yeyote. Lakini nakumbuka harusi moja alipoinuka katikati ya ubeti, akatembea polepole kuelekea jukwaani, noti ameishika juu kwa vidole viwili, akaizungusha mbele ya watu wote kabla ya kumpa mwimbaji. Hakusema neno. Ubeti ule aliochagua kuutuza ulisema yote aliyokuwa ameyanyamazia kwa mwaka mzima, na aliyelengwa alijulikana, kwa maana wanawake wote walimgeukia. Tangu siku hiyo nasikiliza beti za taarabu nikijiuliza ni ubeti gani mtu angeinuka nao.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni, Mombasa

Bwana KasoroBahari, umemtaja Mbaraka Mwinshehe, nami siwezi kupita bila kukuandikia, kwa sababu huku kwetu Mombasa ndiko alikofia kwa ajali ya gari mwezi Januari mwaka 1979. Nilikuwa kijana wakati ule. Kwa siku kadhaa wenye maduka ya santuri mjini walikuwa wakipiga nyimbo zake tu, na watu walisimama nje bila kununua chochote, wakisikiliza.

Kwa upande wa Kenya nakupa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, na nina sababu ya kuuchagua kwa ajili ya binti wa Kitanzania. Hadithi ya kundi hilo inaanzia Tanga kwa dada yetu BintiMakorora. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka huko, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujulikana kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, akiwamo Omar Shabani kwenye gitaa la kati, Tom Malanga kwenye besi na Issa Juma kwenye sauti, naye John Ngereza akajiunga nao kwenye solo. Kwa hiyo wimbo ambao Wakenya wanauhesabu kuwa wao kabisa umebeba Kiswahili cha Tanga na biashara ya santuri ya Nairobi kwa pamoja.

Binti ausikilize mara tatu. Mara ya kwanza afuate besi peke yake, tangu sauti ya kwanza kabisa, kwa kuwa besi ya Malanga haibebi tu wimbo, bali inauimba. Mara ya pili afuate gitaa la kati, ambalo wasikilizaji wengi hawalioni kabisa kwa sababu linarudia jambo lile lile bila kuchoka, nalo likiondolewa nyumba yote inaanguka. Mara ya tatu ndipo asikilize solo na maneno ya mtu anayejitetea kwamba hana kosa. Nimefundisha watoto wa shule kusikiliza muziki kwa namna hii kwa miaka mingi, na sijapata njia iliyo bora zaidi. Jambo moja muhimu: ahakikishe anapata wimbo mzima. Santuri ndogo za wakati ule hazikuweza kubeba wimbo mrefu, hivyo wimbo ulikatwa ukaendelea upande wa pili, na wapo walioingiza mtandaoni upande wa kwanza peke yake. Anayesikiliza upande huo tu huachwa pale hasa ambapo magitaa yanaanza kupamba moto.

Kama kuna nafasi ya zama za nyuma zaidi, muongeze Fundi Konde na "Tausi Ndege Wangu". Alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioburudisha askari wa King's African Rifles huko Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili, na aliporudi alikuwa na gitaa lenye kona na mipindo ambayo huku kwetu haikuwa imesikika. Asikilize upole wake. Sijui neno jingine la kuueleza.

Kuhusu "Malaika", naona wengi watakuja kukushauri uuweke. Ni wimbo mzuri sana, na Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukaenea kabla Miriam Makeba hajaupeleka duniani, ingawa ubishi kuhusu mtunzi wake halisi haujaisha na wapo wanaomtaja Adam Salim. Ushauri wangu ni kwamba binti ameshausikia, kwa maana kila mtu ameshausikia, na orodha yako ina nafasi chache.

MwanaLikasi, Lubumbashi

Ndugu KasoroBahari, nitaandika machache. Watu wengi wakisikia Kongo hufikiri Lingala na Kinshasa, lakini huku Katanga sisi tunaimba Kiswahili tangu wakati wa babu zetu waliokuja kufanya kazi migodini. Mpe binti "Masanga" wa Jean Bosco Mwenda. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliurekodi mwaka 1952 huku kwetu Likasi, wakati mji ukiitwa Jadotville, Mwenda akiwa na gitaa kavu na hakuna kingine chochote.

Asikilize bila kuangalia maelezo yoyote, kisha umuulize ni watu wangapi wanaopiga. Wengi hujibu wawili. Ni mmoja, anayetumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linashika nyuzi nzito za chini, shahada inacheza juu, na kila kimoja kina safari yake. Mimi hujifunza gitaa kwa wimbo huo, na baada ya miaka minne bado kidole gumba changu kinaifuata shahada badala ya kwenda njia yake.

Kamachumu93, Bukoba

Shikamoo mjomba. Nakuita mjomba kwa sababu kwa umri mimi niko karibu zaidi na mpwa wako kuliko na ninyi, na nimesoma maandishi yenu yote kwa heshima kubwa, lakini nimeona kwamba hakuna aliyegusa pengo lako la mwisho. Sidhani kwamba miaka ya baada ya 2000 haina wimbo wa kukaa meza moja na hizo mlizozitaja.

Mimi ni Mhaya, na nilikuwa darasa la pili wakati wimbo wa Saida Karoli, "Maria Salome", ambao wengi waliuita "Chambua kama Karanga", ulipoenea nchi nzima. Naomba uelewe jambo hilo lilikuwa na maana gani kwetu. Kihaya kilikuwa lugha ya jikoni kwa bibi. Shuleni tulikatazwa kukizungumza na tulichapwa tulipokamatwa. Ghafla dereva wa basi kutoka Dodoma, muuza duka Mchaga na askari kutoka Mtwara wote walikuwa wakiimba Kihaya, kwa makosa mengi na kwa furaha isiyo na kifani. Bibi yangu alikuwa akikaa karibu na redio akisahihisha matamshi ya watu ambao hawakuweza kumsikia. Mpwa wako asikilize ile sauti nyembamba ya juu inavyoongoza, na ngoma zilizo chini yake, ambazo ni ngoma za kwetu kabisa ingawa zimeingizwa studio. Kisha, na hapa najua wazee wengine hawatakubaliana nami, asikilize "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya wimbo huo. Wapo wanaosema kuurudia ni kuuharibu. Mimi niliona wadogo zangu, waliozaliwa mjini na wasiojua hata kusalimia kwa Kihaya, wakimwendea bibi kumuuliza Saida aliimba nini. Dada BintiMakorora ameshauri binti aingie kwa Bi Kidude ndipo amfikie Siti. Naona hili ni jambo lile lile.

Wimbo wa pili ninaokupa ni "Ndiyo Mzee" wa Professor Jay, wa mwaka 2001. Mgombea anasimama mbele ya wananchi, anaahidi mambo yanayozidi kukua kila ubeti mpaka yanapita akili, na kila mara umati unamwitikia ndiyo mzee. Wazazi wangu walikuwa hawataki muziki huo nyumbani, wakiuita wa wahuni. Siku moja baba, ambaye alikuwa amerudi kutoka mkutano wa hadhara, aliusikia ukipigwa kwa jirani, akasimama uani mpaka ulipoisha, kisha akaniuliza kama ninaweza kuurudia. Tangu hapo hakuna aliyekatazwa kusikiliza. Mpwa wako asikilize kiitikio: umati hauna ubeti hata mmoja, una maneno mawili tu, na bado ndio unaobeba lawama yote. Aliyeimba wimbo huo alikuja kugombea mwenyewe, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, yaani katika mkoa wako wa Morogoro, mjomba, kwa hiyo nadhani hutakosa la kumweleza.

Fundi wa Santuri, Dar es Salaam

Nina neno moja kwa Mzee KasoroBahari, baada ya kukubaliana na karibu yote yaliyosemwa. Unapomtafutia binti "Majirani Huzima Redio", mtafutie ile iliyorekodiwa Radio Tanzania. Bendi zilikuwa zikiingia studio zote kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tumba na matarumbeta, wakapiga wimbo mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyekosea aliwafanya wote waanze upya. Ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba mapigo hayakai mahali pamoja kama ya mashine. Chemko linapokaribia, bendi nzima inasogea mbele kidogo, kama watu waliobeba kitu kizito wanaokaribia mlango wa nyumba. Matoleo yaliyorekebishwa upya yameusafisha mwendo huo, na kwa masikio yangu wamesafisha kilichokuwa kizuri.

KasoroBahari, Morogoro

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kusikiliza kwanza kila kitu mlichoniambia, na kukisikiliza kwa namna mlivyoniambia. "Sina Makosa" nimeufuata mara tatu kama alivyoagiza Mwalimu, na ni kweli kabisa kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa sijalisikia gitaa la kati. "Masanga" nilimpigia jirani yangu, ambaye ni mpiga gitaa wa kanisani, nikamuuliza ni watu wangapi. Alisema wawili, na nilipomwambia ukweli alikataa kwa muda mrefu. "Ndiyo Mzee" niliwahi kuusikia kama kelele za vijana ndani ya daladala, na naona nilikuwa nimekosa adabu kwa wimbo ule. Bado sijakubali kwamba "Salome" ya 2016 inafaa kuwa na nafasi yake kwenye orodha, lakini nimemwandikia binti aanze nayo kisha arudi kwa Saida Karoli, kama Kamachumu93 alivyoshauri, na uamuzi nimemwachia yeye. Nimechukua pia toleo la Radio Tanzania, na "Macho Yanacheka" nimeuweka pamoja na maelezo ya kutuza, ambayo nimeyanakili neno kwa neno kutoka kwa BintiMakorora, nikitumaini hatanikasirikia.

Binti amekwisha kusikiliza nyimbo tatu za kwanza. Ule wa Mlimani Park aliupiga bwenini akiwa na wenzake watatu, akaniambia kwamba waliuelewa bila kurasa zangu mbili, kwa sababu kuta za bweni lao nazo ni nyembamba, na kuna chumba cha pili ambacho kikianza kugombana wao huvua vipokea sauti masikioni. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Ila "Kijiti" ndio uliomshika. Alifuata njia ya BintiMakorora, akaanza kwa Bi Kidude, kisha akaniletea maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu: wanawake wale waliomkaribisha mgeni walikuwa na uhusiano gani naye, na je, watu wa mjini waliuimba wimbo huo hadharani, mahali ambapo hakimu mwenyewe angeweza kuusikia? Dada BintiMakorora, nimemwahidi kwamba nitakuuliza wewe.